Ungemfuta Mama

Mdogo wangu Pambudi alirudi kutoka kwa fundi na laptopu ya mama kwapani. Alifuata chaja tu, akaniambia bila haya kwamba amekubali ifutwe yote.

"Imegoma kuwaka, Dada. Fundi kasema dawa yake ni kufuta na kuanza upya. Nyimbo si zitabaki?"

Damu ilinichemka. Mama aliimba na wapiga gamelani, zile ala za shaba za kwetu, hapa mjini Solo miaka thelathini. Miezi yake ya mwisho, kifua kikimbana, alijirekodi mwenyewe nyumbani, nyimbo alizofundishwa na bibi. Hazipo kwingine. Leo ilikuwa arobaini yake, na majirani tulishawaahidi kwamba baada ya dua na wali watamsikia.

"Zitabaki wapi? Ungemfuta mama!" nilimpigia kelele. "Hicho ni kichwa au dafu?"

"Dada, mimi niliuliza tu..."

"Hukuuliza, ulikubali! Jakarta wamekufundisha kuvaa viatu, akili umeiacha stesheni!"

Mimi kazi yangu ni kompyuta. Laptopu isiyowaka si lazima iwe imekufa: unaweka Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwenye flashi, unaiwasha kwa hiyo flashi, kisha unaingia kwenye diski yake na kuchukua vyako. Nilikosa flashi tu. Nikafungua bati la biskuti la mama, lile ambalo halijawahi kuwa na biskuti, nikapekua nyuzi na vifungo mpaka nikapata moja, nyekundu. Nikaichomeka kwenye kompyuta yangu.

"Hiyo haina kitu?" Pambudi aliuliza.

"Nyamaza! Wewe ndiye wa kuniuliza mimi?"

Kompyuta nayo iliniuliza: vyote vilivyomo vitafutika, niendelee? Nikabonyeza ndiyo nikiwa nimemgeukia yeye, maana matusi yalikuwa hayajaisha.

Dakika kumi baadaye laptopu ya mama ikawaka kwa flashi hiyo. Diski ilikuwa nzima: picha za harusi, mapishi, hata barua zake za chama cha waimbaji.

"Umeona, mbumbumbu?" nilimwambia, nikafungua folda ya nyimbo.

Ndani mlikuwa na ujumbe mmoja tu, wenye jina langu.

"Mur mwanangu, laptopu hii imeanza kuniringia. Nyimbo zote nimezihamishia kwenye flashi nyekundu, usije ukahangaika. Iko kwenye bati."

Tulisoma wote wawili. Flashi ilikuwa imechomoza ubavuni mwa laptopu, kijitaa chake kikiwaka na kuzima. Kilichofunikwa kwa maandishi mapya hakirudi. Hilo nalijua kuliko mtu yeyote mtaani hapa.

Nilisubiri Pambudi anitukane. Nilitaka anitukane.

"Sema!" nilifoka. "Si una mdomo? Sema basi!"

Pambudi alifunika bati, akalirudisha kabatini taratibu, akaenda kuwapokea wageni walioanza kuvua viatu mlangoni.