Geuza Mdomo

Mwalimu Muhiddin, aliyefundisha tuisheni ya hesabu barazani kwake Mkunazini, alikereka na kanuni ndefu. Nani hukariri hotuba? Ile ya alama za ‘kubwa kuliko’ na ‘ndogo kuliko’, “ukigawanya kwa namba hasi, geuza mdomo wa alama” akaikata, ikabaki: “Ukiona hasi, geuza mdomo!”

Siku ya mtihani wa taifa aliwasubiri wanafunzi wake getini mwa shule. Nadra, aliyekuwa akirudia mtihani huo kwa mara ya mwisho, akatoka mbio.

“Shikamoo mwalimu! Imekuja 2x > −6!”

“Marahaba. Mkagawanya kwa mbili?”

“Naam! Na hasi tukaiona, tukageuza mdomo!”

Mbili ni chanya. Hapakuwa na cha kugeuza.

Nyuma yake darasa zima likaja likicheka, kila mmoja kakunja vidole mfano wa mdomo, anamgeuzia mwalimu. Muhiddin akafungua wake. “Ukigawanya kwa namba hasi…” akaanza.