Unga Ukiumuka, Hakuna Kusema

Katika familia ile ya waoka mikate, unga ukishafunikwa ili uumuke, madirisha hufungwa, na midomo pia. Hakuna kusema mpaka mama mkwe apige makofi. Ukiuliza sababu, utaambiwa ndivyo alivyofanya marehemu baba mkwe, basi, na wewe uliyeuliza utaonekana huna adabu. Watu wazima na ndevu zao, wametulia kama maji mtungini.

Mke wa kitinda mimba, aliyeolewa juzijuzi tu, alikuwa ameketi karibu na meza ya kukandia aliposikia harufu ya gesi. Akadhani pua inamdanganya. Kisha akausikia mpira wa gesi ukivuja, sss, nyuma ya tanuri.

Akawatazama wenzake. Shemeji yake mkubwa alikuwa ameziba pua kwa kiganja. Wifi alikuwa akilengwalengwa na machozi, macho kayakaza sakafuni. Kumbe wote wanajua. Hapo ndipo hofu ilipomshika barabara, kwa maana mumewe alikuwa amesimama mbele ya tanuri, kiberiti mkononi, akingoja makofi.

Alimkonyeza, akamwonyesha mtungi wa gesi. Mume akatikisa kichwa na kuweka kidole mdomoni.

Mama mkwe, ambaye mafua yalikuwa yamemziba pua tangu jana, akafunua unga, akaridhika, akainua mikono.

"Usiwashe!"

Mke alimrukia mumewe, akampokonya kiberiti, akafunga mtungi, akafungua mlango. Wote wakatoka uani wakikohoa.

Walipomweleza, mama mkwe alikaa chini.

"Baba yenu alikuwa akiumwa kichwa," alisema taratibu. "Kelele zilimtesa, na mwanga pia. Ndiyo maana tulifunga na kunyamaza. Unga wenyewe haukuwa na neno."

Akamgeukia mwanawe wa mwisho.

"Harufu uliisikia?"

"Niliisikia, mama."

"Na ningepiga makofi?"

"Ningewasha."

Alilisema hilo kwa upole, kama mtoto mtiifu anayesubiri kusifiwa. Mama yake akajifunika uso kwa kanga. Mkewe akakificha kiberiti kifuani, akasogea mbali naye.