Siku ya Safari Haitajwi

Mume wangu Hamisi aliuawa barabarani kati ya Butembo na Beni, siku ya Jumatano, akiwa ndani ya Fuso lake, lori lililojaa viazi vya Lubero. Jumatatu ya wiki hiyo alikuwa amesimama pale parkingi, malori yanapopakia mizigo, akicheka na kila mtu, akisema Jumatano asubuhi watamkuta njiani. Watu wakaunganisha hayo mambo mawili. Kwenye matanga hakuna aliyeuliza ni nani alikuwa na bunduki. Wote waliuliza nani alimsikia. Na shemeji yangu Jumaine, mdogo wake Hamisi, akasema mbele ya wageni wote kwamba kaka yake angefunga mdomo angekuwa hai. Maneno hayo niliyameza, na miaka sita hayakushuka.

Tangu siku ile mimi, Hadjara, nilishika usukani wa Fuso la marehemu, na sikutaja tena siku ya safari. Siko peke yangu. Sisi wasafirishaji wa barabara ile ndivyo tulivyo. Mtu hakuulizi unaondoka lini. Akikuuliza, unamtazama mara mbili, kisha unampa siku ya uongo. Unakwenda kesho, unasema wiki ijayo. Unapakia mizigo ya Beni, unasema una malaria na hutoki. Siku uliyoitaja ikipita na bado uko nyumbani, hakuna anayeshangaa. Hata Kakule, Mkatoliki wa Lubero anayeniendeshea Fuso la pili, mtu wa kuungama kila mwezi, anadanganya siku bila kupepesa macho. Sijui kama hilo nalo analipeleka kwa padri.

Sasa, binti yangu Sofia anafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja ya Malaga, kusini mwa Hispania. Mwaka huu aliniambia niende kumtembelea mwezi wa nne, wakati kule baridi imekwisha na joto kali halijafika, tuzunguke kwa gari siku tano, mimi na yeye tu. Tutoke Malaga tupande milima hadi Ronda, tushuke Sevilla, twende Kordoba, halafu Granada, turudi. Alinitumia sauti yake akiwa Sevilla, akasema mji mzima unanukia maua ya michungwa. Niliisikiliza nikiwa nimekaa juu ya gunia, nikakumbuka harufu ya kahawa ikichanua baada ya mvua, zamani tulipokuwa tunafika shambani kwa mama yangu upande wa Beni bila kuogopa. Nilitaka kwenda. Nasema wazi, nilitaka vibaya sana. Nilitaka kukaa njiani siku tano nikitazama milima kwa sababu ni mizuri, si kwa sababu kuna mtu amejificha ndani yake.

Viza niliifuata Kinshasa. Watu niliwaambia naenda Bunia kumuuguza shangazi. Sina shangazi Bunia. Niliporudi nikakuta majirani wameleta unga na mayai ya mgonjwa, ikabidi shangazi apone haraka na ashukuru sana.

Tukaanza kupanga njia kwa simu. Sofia alinitumia ramani, nami nikaisoma kama ninavyosoma barabara zote. Nikamuuliza kati ya Malaga na Ronda kuna bariera ngapi za askari. Hakuna. Konvoi ya wanajeshi wa kusindikiza magari inaondoka saa ngapi? Hakuna konvoi. Mvua ikikata barabara tunalala kwa nani? Akasema kuna hoteli. Nikamuuliza ni nani wetu anakaa Ronda, wa kumpigia simu asubuhi atuambie kama njia ni nzima. Mimi kwenye barabara ya Beni nina mtu kila kilima. Muuza mkaa, mwalimu, mama wa mgahawa, wote wana namba yangu na mimi nina zao. Sofia akacheka mpaka akakohoa. Mimi sipendi kuchekwa juu ya mambo ya barabara, tena na mtu aliyeondoka kwetu hajui hata kuendesha baiskeli. Nikamwambia usukani nitaushika mimi. Akasema gari litakodiwa kwa jina lake, na mimi kazi yangu itakuwa kukaa na kuangalia. Tukaliacha hilo, lakini mimi sikuliacha.

Juu ya Kordoba alinionya mapema. Msikiti mkubwa wa kule siku hizi ni kanisa, na Mwislamu haruhusiwi kuswali ndani. Nikamwambia sawa, nitasimama nitazame nguzo zake zote, macho yangu hayaombi ruhusa kwa mtu.

Kisha akaniuliza nafika lini. Nikasema tarehe saba.

Haikuwa tarehe saba. Moyoni nilikuwa nimeweka kuondoka wiki moja baadaye, na tiketi nilikuwa bado sijakata. Sikukusudia kumtesa mtoto. Ulimi ulikwenda wenyewe, kama mkono unavyokwenda kwenye gia. Nilidhani anajua. Ni mtoto wa barabara hii hii, baba yake kafa juu yake. Nilidhani tarehe saba ikifika ataisikia kama tunavyoisikia sisi, yaani siku yoyote isipokuwa tarehe saba.

Siku hiyo nilikuwa parkingi tunapima viazi, simu ikalia.

"Mama, ndege zote zimeshuka, batu bote bametoka. Weye uko wapi?"

Nikamwambia niko Butembo.

 Nyuma yake nilisikia mtu anatangaza kwa kipaza sauti, na watoto wa watu wengine wanapokelewa. Ndipo nikaelewa kwamba ameomba likizo, amekodi gari, amelipia chumba cha Ronda, na amesimama mlangoni mwa uwanja wa ndege tangu asubuhi akitazama kila mwanamke mwenye kilemba. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama nilipata shida njiani. Nikamwambia hapana, sikuwa nimetoka. Akauliza kwa nini basi nilisema tarehe saba. 

"Mama, benye bunduki bako huko kwetu," akasema. "Miye ni mutoto yako. Unanificha miye pia?"

Nililia pale kwenye mizani, mbele ya wapakizi, na sikuona haya.

Jioni akapiga tena, sauti imekauka. Mwenzake wa jikoni amekubali kubadilishana naye likizo, lakini ni mara hii tu. Viza yangu inakwisha mwisho wa mwezi. Bosi wake anataka siku kabla ya Ijumaa kwisha, baada ya hapo wageni wa kiangazi wanaingia na hakuna likizo tena. Akasema hatakodi chochote, hatalipia chochote, mpaka nitaje siku kwa mdomo wangu. Nikafungua mdomo. Mimi ninayegombana na polisi wa barabarani, na wanunuzi wa viazi, na wakwe, nilifungua mdomo na neno halikutoka.  Sofia akangoja, akangoja, halafu akasema haya mama, ulale vizuri.

Alhamisi Jumaine akaja nyumbani. Sofia alikuwa amempigia amsaidie kunisemesha, kwa hiyo siri yangu yote alikuwa nayo. Nilidhani atanikataza. Hakunikataza. Jumaine si mtu mbaya. Ana Fuso tatu na woga wa Fuso kumi, na woga huo ni wa kutupenda. Alikunywa chai yangu, akanipangia vizuri kabisa namna ya kutoka. Nimwandikie Sofia siku kwa ujumbe tu, Ijumaa usiku. Parkingi niseme Fuso limeharibika. Majirani niwaambie shangazi wa Bunia amezidiwa tena. Nifunge mlango wa nyuma, nitoke na begi la soko, nipite Beni, nivuke mpaka wa Kasindi, na mtu wa kwanza kujua awe wa Uganda, ninakopanda ndege.

"Mama Sofia, utoke kimya kimya," akasema. "Ule mukubwa yangu angefunga mudomo, leo angekuwa hapa anakunywa hii chai."

Nilikiweka kikombe chini. Kama mambo yangeishia kwenye safari tu, pengine ningemsikiliza. Lakini aliyarudia yale ya matanga, nyumbani mwangu, kwenye kiti cha Hamisi. Nikamtazama na kwa mara ya kwanza nikayaona maneno yale yalivyo. Miaka sita tumekuwa tukimhukumu marehemu. Watu waliomfyatulia risasi hatuwataji, tunataja mdomo wake. Watoto wake wamekua wakiamini baba yao alikufa kwa kupenda maongezi. Na mimi mkewe, kila nilipodanganya siku, nilikuwa nasema tena kwamba kosa ni lake. Nilimwambia shemeji amalize chai, Ijumaa aje parkingi baada ya swala, kuna jambo.

Ijumaa mchana parkingi ilikuwa imejaa. Tangu vita vilipotufungia njia ya Kirumba na Kanyabayonga, magari yote yanabanana upande wetu wa kaskazini, na kila mwenye gari yuko pale akijifanya hana safari. Nilipanda kwenye ngazi ya Fuso la Hamisi, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Kakule alidhani nataka kuendesha, akaanza kuondoa mawe ya gurudumu. Nikampigia Sofia, nikaweka sauti kubwa, nikainua simu juu.  

"Sofia, unanisikia? Nitatoka Butembo mardi, le quatorze. Ni kwa njia ya Beni. Na miye mwenyewe nitaendesha mpaka Kasindi."

Jumanne, tarehe kumi na nne. Wapakizi walisimama na magunia mabegani. Florentine, anayeuza maharagwe pale langoni, aliacha kopo lake hewani. Kakule alikuja mbio na jiwe lake mkononi, akanisihi nipunguze sauti, batu banasikia. Nikamwambia ndiyo maana nasema, wasikie. Mdomo ulikuwa umefunguka na sikutaka kuufunga tena.

"Na hii musikie yote," nikasema. "Hamisi hapana kufa juu ya mudomo yake. Bamuua batu ya bunduki. Mudomo yake haikukuwa na kosa. Alisema Jumatano juu ilikuwa Jumatano."

 Kwetu pale mtu akitaja siku, wengine hutazama chini kama wameona mtu yuko uchi, na ndivyo walivyofanya, wanaume wazima wanatazama viatu vyao.  Nilijua vizuri nilichofanya. Kati ya masikio yale yote linaweza kuwepo moja baya, na kutoka Ijumaa hadi Jumanne ni muda wa kutosha kwa mtu mbaya. Lakini nilijua pia kwamba nikisema nimebadilisha siku, nitakuwa nimemzika mume wangu mara ya pili.

Jumaine alikuwa amefika. Nilimwona nyuma ya watu, kanzu yake nyeupe, kofia bado kichwani. Akaanza kuja, na watu wakampisha, kwa sababu wote walikuwepo kwenye matanga na wote walijua nimemjibu nani. Nilidhani atanishusha kwenye ngazi ile kwa mkono. Akasimama chini yangu, uso umemwiva, midomo inacheza. Halafu akauliza, kwa sauti ya kusikika mpaka langoni, swali ambalo katika parkingi ile nilikuwa sijalisikia tangu Hamisi afe.

"Saa ngapi?"

Nikamjibu saa moja ya asubuhi.

Akageuka akawatazama wale wanaume wa viatu. Hakuomba msamaha, na mimi sikuungoja.

"Basi mardi, saa moja," akawaambia. "Miye na gari yangu tuko mbele yake."

Kakule akaliweka jiwe chini taratibu. Akasema Fuso la pili nalo liko tayari, kama bosi hakatai, na kwamba Jumapili atamwambia padri aiombee hiyo Jumanne kwa jina lake, katikati ya misa. Florentine akamwaga maharagwe yake kwenye mfuko wa mteja na kusema ana magunia ya Beni yanayongoja siku ya kweli tangu juzi.  Wawili waliondoka haraka, na niliwaona, na sikubadilisha neno.

Simu ilikuwa bado mkononi mwangu na nilikuwa nimeisahau. Sofia alikuwa amesikia yote. Alikuwa analia, na kati ya kilio akaniuliza kama sasa anaweza kulipia gari na chumba cha Ronda. Nikamwambia alipie, na aulize vizuri kule wanakokodisha waniandike na mimi, kwa sababu kutoka Ronda hadi Sevilla usukani ni wangu.