Mifuko ya Ndani

Fundi wa mikoba alijifungia dukani mchana kweupe, wembe mkononi, akifumua mifuko ya ndani aliyoishona mwenyewe. Roho ilimuuma. Bwana mmoja mwenye suti iliyomkaa sawasawa alikuwa amemwambia kwamba mfuko wa ndani wenye kifuniko una hataza, haki ya uvumbuzi inayomilikiwa na kampuni yake. Alipe ada, la sivyo ashtakiwe na duka lifungwe, duka hilohilo lililomlisha yeye na mama yake.

"Ni wewe tu uliyekiuka," bwana alimnong'oneza. "Tuyamalize kimyakimya."

Naye akanyamaza! Angemwambia nani? Fundi mwenzake wa ng'ambo ya barabara, waliyempachika jina la Mbwembwe, angemcheka mpaka mbavu zimuume. Afadhali kufilisika.

Mara Mbwembwe huyohuyo akaingia kwa mlango wa nyuma bila hodi.

"Unaumwa? Wateja wako wote wamehamia kwangu, hata raha sina!"

Kisha akauona wembe na rundo la mifuko. Akaketi sakafuni, akacheka mpaka machozi.

"Wacha wee! Na mimi nafumua tangu juzi! Nimeshusha pazia usinione!"

"Kumbe na wewe?"

"Si aliniambia ni mimi tu!"

Fundi alipandwa na hasira, halafu, ajabu, akajiona mwepesi. Wakatoka pamoja, wakabisha hodi kwa mafundi wote wa mtaa. Kila mmoja alikuwa "yeye tu", na kila mmoja alikuwa akijificha kwa wenzake.

Chama cha wafanyabiashara kikawapa wakili, mama mcheshi asiyepindisha maneno.

"Bibi yangu alikuwa na mfuko kama huu kampuni haijazaliwa. Uvumbuzi gani hapo? Wanawatisha mmoja mmoja. Twendeni sisi kortini kwanza, hataza hiyo ifutwe."

Bwana wa suti aliporudi kuchukua ada, alikuta duka limejaa mafundi mpaka mlangoni.

"Karibu baba, kiti chako hiki," fundi alimwambia.

Bwana hakuketi. "Nita... nitawasiliana na ofisi."

"Usihangaike," wakili alisema. "Wito wa mahakama umeshafika huko."

Alipoondoka, vicheko vilisikika hadi barabarani. Kesi ilikuwa bado kusikilizwa, lakini mafundi walirudi kazini wakipiga soga. Mbwembwe alibaki mlangoni, mikono kiunoni.

"Sikiliza, mwenzangu. Kesho wateja wako nawachukua wote tena."

"Thubutu!" fundi akamjibu, akafungua milango yote miwili ya duka.