Vipimo vya Uzi

Kwa miaka ishirini na sita alikaa mbele ya mashine moja katika karakana ya masweta ya shule, na hata alipostaafu mtaani waliendelea kumwita Mama Nyuzi. Jina halikumuudhi. Kilichomuudhi ni kukaa bure. Siku ya pili tu ya kustaafu aliweka kapu chini ya dirisha la sebuleni, akalijaza sufu na sindano, akaanza kufanya kwa mikono kazi aliyoifanya kwa mashine umri wake wote.

Alikuwa na kazi nne kwa mpigo. Asubuhi, macho yakiwa hayajachoka, alitarizi kitambaa cha meza chenye maua madogo ya zambarau, ambayo ukikosea mshono mmoja utafumua safu nzima. Baada ya chakula cha mchana alifuma blanketi la vipande, kila siku kipande kimoja, hakizidi hakipungui. Alasiri ilikuwa ya sweta la buluu la mwanawe. Ikibaki nusu saa kabla ya kuinjika chungu, alishika kisweta cha manjano cha mjukuu.

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuja kila Jumatano kunywa chai na kusimamia kazi isiyomhusu.

"Wifi, mshika mawili moja humponyoka," alisema. "Wewe umeshika manne, na mikono uliyopewa ni miwili."

"Hakuna linaloniponyoka. Yanakwenda polepole, lakini yanakwenda."

Na kweli yalikwenda, mpaka kazi mbili zikakwama katika wiki ileile. Migongo na vifua vya masweta vilikuwa tayari. Ilibaki mikono, na Mama Nyuzi hakujua urefu wake. Mwanawe alikuwa ameondoka miaka sita nyuma kwenda kutafuta maisha ng'ambo, akaoa hukohuko, akapata binti hukohuko. Kila mwaka alisema atakuja mwakani. Mjukuu alikuwa na miaka mitatu na nusu, na Mama Nyuzi alimjua kwenye simu tu. Kioo cha simu hakimwambii mtu urefu wa mkono wa mtoto.

"Mpime toka begani hadi kifundo cha mkono," alimwambia mwanawe. "Na wewe ujipime."

"Nitampima Jumamosi, mama."

Jumamosi tatu zilipita. Mara alichelewa kazini, mara mtoto alikuwa amelala, mara nyumbani hamna futi ya kupimia. Mwisho mama aliacha kuuliza. Aliyasukuma masweta yote mawili chini kabisa ya kapu, akaendelea na kitambaa na blanketi. Vidole vilikuwa juu ya maua ya zambarau, lakini moyo ulibaki chini ya kapu.

Hakufikiria kumwomba mkwewe, mke wa mwanawe. Yule mwanamke akipokea simu alisema, "Shikamoo mama," kisha akampa mumewe haraka, kana kwamba simu inaunguza. Mama Nyuzi alikwisha kuamua kwamba mkwe wake anajisikia.

Ndipo ikaja bahasha kutoka posta. Ndani yake hamkuwa na barua. Mlikuwa na nyuzi nyeupe saba, kila mmoja umefungwa fundo huku na huku, na sita kati ya hizo zimebandikwa vikaratasi vyenye mwandiko asioujua. "Mtoto, mkono." "Mtoto, kifua." "Mtoto, shingo." Halafu: "Baba yake, mkono. Nilimpima amelala kwenye kochi, akiwa macho hatulii."

Mama Nyuzi alicheka peke yake. Akaunyoosha ule wa mkono wa mtoto juu ya paja lake, akashangaa. Alikuwa akimfumia mtoto mdogo kuliko huyo. Uzi wa saba, mrefu kuliko zote, haukuwa na karatasi. Akapiga simu, na kwa mara ya kwanza akamwomba mwanawe ampe mkewe.

"Uzi mrefu huu ni wa nini, mwanangu?"

Mkwe alijibu: "Ni mikono ya mtoto akiitandaza, mama. Nilipomaliza kumpima akaipanua, akasema, na hii mpelekee Bibi."

Alipokata simu, alisimama katikati ya sebule akajizungushia ule uzi. Ulimfika mbavuni tu, mgongo wote ukabaki nje. Akakaa hivyo, ameshika mafundo mawili, mpaka chai ikapoa.

Toka siku hiyo masweta yakapanda juu ya kapu. Alifumua kisweta cha manjano mpaka kiunoni, akaongeza vitanzi. Kitambaa kikaisha, akampa wifi, ambaye alikikagua nyuma na mbele akakosa cha kusema, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Blanketi likaisha, yakafuata masweta. Akavituma vitatu hivyo kwa kifurushi kimoja, akahesabu siku.

Picha ilipokuja, mtoto amevaa manjano na baba amevaa buluu, na blanketi limetandikwa nyuma yao kwenye kochi. Mikono imekaa sawasawa. Mkwe hakuwemo, maana ndiye aliyepiga picha. Mama Nyuzi akaitazama mpaka akaona aibu, akapiga simu.

"Mwanangu, nimefuma nyumba nzima nikakuruka wewe. Nitumie vipimo vyako."

"Mimi sijui kujipima, mama," mkwe alisema taratibu. "Nimelelewa kwa watu. Sijawahi kushonewa wala kufumiwa kitu. Hata kuzungumza na mama sijui ninaanzia wapi."

"Si umeshaanza." Mama Nyuzi akalivuta kapu karibu. "Basi acha, mabega mtu hajipimi. Nitakupima mwenyewe mkija."

Aliposubiri kusikia lile neno la mwakani, mkwe alikohoa kidogo.

"Mama, fuma tu kwa kukisia. Mwaka huu hatuji, na mwakani sijui. Mwanao anashindwa kukwambia."

Mama Nyuzi alishukuru kuambiwa ukweli, na shukrani ilitoka moyoni. Kisha akamuuliza anapenda rangi gani, akavuta kiti dirishani, akaanza kuhesabu vitanzi vya mabega ambayo hajawahi kuyagusa.