Somo wa Marlys

Katika familia ya mke wangu kila mtoto alipewa jina la mtakatifu, isipokuwa yeye. Baba yake alilisikia jina la Marlys redioni akalipenda, na alipompeleka mtoto kubatizwa padri aliinua macho kutoka kwenye kisima cha ubatizo akauliza, "Mtakatifu gani huyo?" Baba akasema ni wa redioni. Padri akaongeza Maria papo hapo, ili mtoto asikose wa kumwombea.

Marlys alipenda kusimulia kisa hicho. "Mimi sina somo mbinguni," alikuwa akiwaambia watoto wetu asubuhi, wakiwa mezani na mabakuli yao ya uji wa shayiri. "Mtakatifu Marlys hayupo. Itabidi mimi niwe wa kwanza, na kwa hasira zangu hizi, mtangoja sana."

Alikufa wakati wa Kwaresima, theluji ikiwa bado imefika kwenye madirisha ya zizi.

Tulikuwa na watoto watatu. Zelie alikuwa darasa la nne, Ambrose la pili, na Blaise ndiyo kwanza ameanza kuunganisha herufi. Hawakuwahi kwenda shule. Mama yao aliwasomesha nyumbani tangu mwanzo, kama wafanyavyo wengi katika parokia yetu. Nilijua kwamba walisoma. Jinsi walivyosoma sikuijua. Niliwaacha mezani nikienda kwa ng'ombe, na nikirudi kunywa kahawa niliwakuta wako Roma ya kale, au wamelala kifudifudi sakafuni wakichora ndege. Ambrose aliweza kunieleza jinsi askofu mtakatifu aliye somo wake alivyotuliwa na nyuki mdomoni alipokuwa mchanga. Niliitikia kwa kichwa, nikamaliza kahawa, nikarudi zizini. Nilidhani nina muda wa kuuliza.

Baada ya maziko, Rosanne, dada mkubwa wa Marlys, aliwachukua watoto kila asubuhi wakasome na wa kwake saba. Mwezi wa tano, matope yalipoanza kukauka, alikuja kukaa jikoni kwangu bila kuvua koti.

"Shemeji, inabidi tuzungumze habari ya mtaala. Vitabu vya mwaka ujao vinaagizwa sasa."

"Agiza unavyoona."

"Siwezi kukuagizia, Leander. Ukichukua mtaala wangu, watoto watakaa kwangu Jumatatu mpaka Ijumaa, nitawasomesha na wangu, na nitafanya hivyo kwa moyo wote. Ukichukua mwingine, utawasomesha mwenyewe. Mitaala miwili kwenye meza moja siiwezi, nitarukwa na akili. Au uwapeleke shule ya mjini. Hakuna atakayekulaumu."

"Nataka wabaki hapa."

Rosanne aliitazama meza, kisha akanitazama mimi. "Wabaki hapa wasome nini?"

Hilo ndilo lililonishinda. Mimi niliishia sekondari, na hata huko nilimaliza kwa kusukumwa na mama yangu. Lakini nyumba ile ikiwa kimya saa nne asubuhi sikuweza kuingia ndani. Nilikuwa nakunywa kahawa yangu nje, nimesimama kando ya trekta.

Jumapili hiyo, baada ya Misa, kinamama wanaosomesha nyumbani walikuwa wamepanga vitabu kwenye meza katika ukumbi wa chini ya kanisa, kama wafanyavyo kila mwaka. Nilikuwa mwanamume pekee. Jolene, aliyekuwa rafiki wa Marlys, alinishika mkono kabla sijapata njia ya kutoroka.

"Leander! Wewe ni mtu wa sanduku au mtu wa hadithi?"

"Mimi ni mtu wa ng'ombe."

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Kisha wakanielimisha, wote kwa pamoja. Mtaala wa sanduku huja umekamilika: vitabu, mpango wa kila siku, majibu, na mitihani ambayo unaituma ofisini kwao ikasahihishwe. Rosanne alikuwa mtu wa sanduku. Mtaala wa hadithi ni kuwasomea watoto vitabu vizuri kwa sauti, na mtoto kusimulia tena alichosikia kwa maneno yake mwenyewe. Jolene alikuwa upande huo. Kwenye kona walikuwepo watu wa Kilatini, waliowakaririsha watoto kwa kuimba, na hao walinitisha kidogo.

"Na Marlys," nikauliza, "alikuwa wa wapi?"

"Marlys alikuwa mwizi," akasema Jolene. "Hesabu aliiba kwenye sanduku la Rosanne, hadithi akaiba kwangu, Kilatini akaiba kwa wale pale. Halafu siku ya kwanza yenye jua anaviacha vyote anawapeleka watoto mtoni."

"Aliandika mpango wake mahali?"

"Kuandika? Marlys?"

Walicheka tena. Kisha wote wakakumbuka kwa pamoja kwamba hayupo, na mama mmoja ambaye simjui jina akanitia mkononi kipande cha keki, akanifungia vidole juu yake.

Rosanne aliniazima sanduku la mmoja wa wanawe aliyemaliza darasa la nne, pamoja na vitabu vya wadogo. "Jaribu wiki moja hapa kwako," akasema. "Ijumaa nitakuja kuona. Ukiweza, utaagiza la kwako. Usipoweza, wanakuja kwangu, na hatutabishana."

Nitasema kweli: sanduku lilikuwa rehema kwa mtu kama mimi. Nilifungua ukurasa, nikaambiwa niseme nini, nikasema. Nilijua nilipo. Jumatatu ndama alizaliwa wakati wa sarufi, na bado tulimaliza kabla ya chakula. Zelie alijaza nafasi zilizo wazi haraka kama anayekunja nguo. Blaise alipata nyota za karatasi akazibandika kwenye paji la uso.

Ambrose ndiye aliyenitia wasiwasi.

"Baba, hapa wanasema niandike sentensi tatu juu ya nyuki."

"Basi andika."

"Naruhusiwa kuandika nyingi?"

Nilitazama kitabu cha mwalimu. "Kinasema tatu."

Aliandika tatu, akaweka kalamu chini, akakaa na mikono mapajani akinisubiri. Mtoto huyu mama yake alikuwa akimwomba anyamaze kidogo ili nyuki nao wapumzike.

Ijumaa Rosanne alifika na bakuli la viazi na nyama ya kuoka, akalitia jikoni kwenye tanuri, akavuta kiti. "Haya. Jifanyeni sipo. Mnaanzaje?"

"Kwa litania yetu," akasema Zelie.

Litania hiyo ilikuwa ya Marlys. Kila mtu anamtaja somo wake, wengine wanaitikia. Zelie alianza na Mtakatifu Zelia, tukasema utuombee. Ambrose akamtaja Ambrosi, utuombee. Mimi nikamtaja Leandri, kisha Wendelini kwa ajili ya ng'ombe, kama Marlys alivyotaka siku zote. Utuombee, utuombee. Blaise alikuja mwisho. Akamtaja Blasi, mlinzi wa koo, akashika koo lake kama kawaida yake. Kisha akaongeza, kama alivyokuwa ameongeza kila siku ya wiki ile:

"Mtakatifu Marlys."

"Utuombee," wakaitikia ndugu zake.

Nilikuwa nimesikia kila asubuhi na sikusema kitu, kwa sababu nilipenda kulisikia jina lake likitajwa kwenye meza ile. Lakini Rosanne alikuwa amefundisha watoto wa parokia katekisimu kwa miaka mingi. Hakuweza kuliacha lipite, kama mimi nisivyoweza kupita kwenye lango la malisho lililoachwa wazi.

"Blaise, mwanangu, ngoja," akasema, taratibu kabisa. "Kwa Mama tunasema tumwombee. Siyo utuombee."

"Kwa nini, Mama mkubwa?"

"Kwa sababu utuombee tunawaambia watakatifu, ambao Kanisa limetuhakikishia wako mbinguni. Marehemu wetu wengine sisi ndio tunaowaombea, Mungu awapokee."

Blaise alifikiri. Alikuwa bado na nyota moja kwenye paji la uso.

"Kwani Mama hajafika?"

Tanuri lilikuwa likilia kwa joto. Rosanne ni mwanamke ambaye watoto saba walikuwa wamemuuliza kila linaloulizika duniani na mbinguni, na wote aliwajibu. Mkono wake ulienda kwenye kitabu cha majibu kilichokuwa mezani, akakifungua, akageuza ukurasa, akageuza mwingine. Sidhani alijua anatafuta nini.

"Jibu halimo humo, Mama mkubwa," akasema Zelie kwa sauti ndogo. "Nimeshatafuta."

Rosanne alikifunga kitabu. Alikaa na viganja juu yake, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti. Ilinijia wakati huo kwamba tangu maziko nilikuwa nikimwona kama mtu wa ratiba na mabakuli ya chakula. Alikuwa amefiwa na mdogo wake.

"Mama alisema yeye atakuwa wa kwanza," Ambrose akamweleza, kana kwamba hilo lingemsaidia. "Mtakatifu Marlys wa kwanza. Alisema tutangoja sana kwa sababu ya hasira zake."

Rosanne akatoa kitu kilichoanza kama kilio kikaishia kuwa kicheko. "Alisema hivyo? Yeye? Mnajua alinitupia kiatu kanisani?"

"Mama?"

"Mama yenu. Katikati ya mahubiri. Nilimwambia ameketi kama chura."

Basi akawasimulia. Kiatu hakikumpata, kilipita juu ya kichwa chake kikaangukia kwenye kofia ya Bibi Eulalia, aliyekuwa amesinzia, naye akaamka akasema "Amina" kwa nguvu, na kanisa zima likasimama likidhani mahubiri yamekwisha. Padri hakuweza kuwaketisha tena. Akaendelea na sala ya Nasadiki.

Watoto walikuwa wameshuka kwenye viti. Blaise alikuwa chini akichora kofia yenye kiatu. Ambrose alisema, "Sasa mimi," akakisimulia kisa chote upya tangu mwanzo, kwa sentensi zisizo na hesabu, akiongeza upepo na mbwa. Zelie akamsahihisha: hakukuwa na mbwa. Kisha akauliza kwa nini watu walisimama, na Rosanne akamweleza kila sehemu ya Misa na mahali pake, na kwa nini Nasadiki huja baada ya mahubiri, akichora kwa kidole mezani. Blaise akataka kuandika "kofia" mwenyewe, akaiandika na f iliyogeuka.

Nilitazama saa. Somo la dini lilikuwa limepita, sarufi imepita, na hakuna aliyefungua kitabu. Nilijikuta nimesimama mlangoni, na kahawa mkononi, mahali nilipozoea kusimama Marlys akiwa na watoto sakafuni.

"Shemeji," nikasema, "nitachukua hesabu za sanduku lako. Mengine tutasoma hadithi."

"Tutasoma, nani na nani?"

"Mimi na wao. Baada ya kukamua."

"Wewe, Leander? Wewe maandishi ya chupa ya dawa ya ng'ombe unayasoma kwa siku mbili."

"Ndiyo maana ng'ombe wangu hawafi."

Alicheka, akajifuta uso kwa kitambaa cha vyombo. Kisha akawa anakikunja kitambaa kile, akikikunja tena, akauliza bila kunitazama, "Na mimi?"

"Wewe uje kila Ijumaa. Una visa vya mama yao ambavyo mimi sina."

"Vya aibu vingi."

"Hivyo hasa."

Vitabu vilikuja mwezi wa nane, sanduku dogo la hesabu na sanduku kubwa la hadithi ambalo Jolene alinichagulia. Mahindi yalipoanza kugeuka rangi tulianza. Ninasoma polepole, na majina ya wafalme wa Roma yananikwama kooni hata Blaise ananishauri nimwombe somo wake. Zelie hunisahihisha bila kuinua macho kutoka kwenye kazi yake ya kushona. Nikifunga kitabu, Ambrose husimulia, na mara nyingi humo hutokea mbwa ambaye hakuwemo.

Ijumaa ya kwanza Rosanne alikuja mapema, kabla uji haujapoa, akaketi kwenye kiti kilichokuwa cha Marlys kwa sababu ndicho kilichokuwa wazi. Tukaanza litania. Zelia, Ambrosi, Leandri, Wendelini wa ng'ombe. Blaise akashika koo lake, akamtaja Blasi. Kisha akamtazama mama yake mkubwa, akavuta pumzi.

"Marlys," akasema.

Tukajibu sote kwa pamoja, wengine utuombee, wengine tumwombee, na maneno yakagongana juu ya mabakuli hata isijulikane nani kasema lipi.

"Mama mkubwa," akauliza Blaise, "wewe umesema lipi?"

"Wewe je?"

"Mimi nimesema yote mawili, haraka."

Rosanne alivuta kitabu cha hesabu karibu, akamfungulia ukurasa, akamwekea penseli mkononi.

"Na mimi," akasema.