Pua ya Walubengo

Kama kuna mtu mtaani Gatwekera aliyeumbiwa kazi ya kuzoa vyoo, basi ni Walubengo. Wenzake hujifunga vitambaa puani na bado macho yanawatoka machozi. Yeye huyo, anapiga mluzi! Ambrose, mwenye mkokoteni, alimsifu kila mahali kwamba kijana wake hana kinyaa hata kidogo.

Sifa hizo zilimsaidia nini? Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, kidevu laini, sauti nyembamba ya mtoto wa darasa la tatu. Alipoenda Kawangware kutafuta chumba, mwenye ploti, Mama Wangoi, alimtazama juu chini akasema, "Lete mamako, niongee na mtu mzima." Jamani, iliuma! Walubengo alitaka jambo moja tu duniani, aonekane mwanaume, na alikuwa ameshakata tamaa.

Basi siku moja wakaitwa kuzoa choo cha kliniki, hukohuko Kawangware. Daktari Angeline akatoka mbio, leso puani.

"Nani ameleta mtoto kwa kazi kama hii?"

"Mimi si mtoto, daktari. Kitambulisho hiki hapa."

Daktari akakisoma, akamtazama tena. "Na huu uvundo, husikii?"

"Uvundo gani? Mi sijawahi kusikia harufu ya kitu. Nilidhani watu huongeza chumvi tu."

Ambrose aliangua kicheko. Daktari hakucheka. Alimwambia Walubengo anawe, kisha akamketisha na kumweleza. Ndani ya ubongo, alisema, kuna homoni ndogo ambayo kazi yake ni kuipigia hodi tezi iliyo chini ya ubongo, iitwayo pituitari. Tezi ikisikia hodi, inatoa homoni zake, na mwili unakomaa. Chembe zinazotoa homoni hiyo husafiri kutoka puani hadi ubongoni, zikifuata mishipa ya kunusa, mtoto akiwa bado tumboni. "Zako zilikwama njiani. Ndiyo maana husikii harufu, na ndiyo maana sauti haijavunjika."

"Kwa hivyo tezi yangu imekufa?"

"Hilo ndilo tutakalopima."

Hospitalini walimdunga homoni ileile, wakawa wanamtoa damu kidogo kidogo waone kama tezi itajibu. Kisha Daktari Angeline akaingia, meno yote nje.

"Imeitika! Wewe, imeitika! Ilikuwa nzima, hakuna aliyeibishia hodi tu."

Walubengo alimkumbatia bila kuomba ruhusa.

Wakamfunga kiunoni pampu ndogo ya kumdunga homoni hiyo, ipige hodi mchana kutwa, usiku kucha. Miezi ikapita, ndevu zikachungulia, sauti ikashuka kwa vishindo, mara chini, mara juu, huku Ambrose akifa kwa kucheka. Mama yake huko Bungoma hakujua lolote, maana simu yake ilikuwa imeharibika na Walubengo hakutaka kumpa matumaini ya bure. Siku mama alipopata nyingine, akampigia.

"Haloo, mama," Walubengo akanguruma.

"Wewe nani? Mwizi! Mrudishie mwanangu simu yake!"

"Mama, ni mimi!"

"Mwanangu hana sauti hiyo! Nitakuitia polisi!"

"Ni mimi, yule aliyemaliza sahani nzima ya visamaki vya omena vilivyooza, nyote mkikimbia nje!"

Vigelegele vikalipuka, mpaka Walubengo akasogeza simu mbali na sikio, machozi yakimtiririka kwenye zile ndevu zake mpya.

"Walubengo?" mama akauliza, akihema. "Hebu ongea tena, baba. Ongea tena."